Rudia Nikusikie wa Dirisha la Pili

Jina lake lote, kama tulivyolitamka sisi tuliopanga foleni mbele yake, lilikuwa Rudia Nikusikie wa Dirisha la Pili. Alikuwa mwana wa mpiga kengele wa shule, yule aliyepiga kengele miaka ishirini na sita bila kuchelewesha kipindi hata kimoja. Mpiga kengele naye alikuwa mwana wa mchimba visima, aliyekichimba kisima cha shule hiyo hiyo kwa mikono yake, wala yeye mwenyewe hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Mjukuu huyu wa mchimba visima alitoa dawa zahanati miaka thelathini na sita. Alifunga uzi mwekundu kwenye shingo za chupa zisizohesabika. Alikosea mara moja. Mara hiyo moja ilimpata mtoto wangu, ndiyo maana naweza kumwelezea vizuri kuliko hao wanaomsifu barabarani.

Kwanza niseme alivyokuwa kabla hajapata jina hilo, maana watu wanamkumbuka wa uzeeni tu, wanadhani alizaliwa mpole.

Wakati ule tulimwita Kamusi. Alikuwa kijana mrefu, koti jeupe limepigwa pasi hadi mikono inasimama yenyewe, kalamu tatu mfukoni na zote zinaandika. Alikuwa na kitabu kimoja kisicho na jalada, cha hekima za watu wa kale: namna ya kusema, namna ya kujifunza, namna ya kukaa na watu. Baba yake alikiokoa kwenye kabati la shule lililoliwa na mchwa, akamfundishia mwanawe kusoma kabla hajaanza darasa la kwanza. Kamusi alikuwa amekihifadhi chote kichwani. Kilikaa dirishani kando ya mizani, na alikuwa hawezi kukupa vidonge vya kichwa bila kukumegea ukurasa.

"Mama," angesema, huku anasukuma vidonge viwili viwili kwa kile kijiko bapa cha kuhesabia, "unajua watu wa kale waliusemaje ulimi?"

"Sijui, mwanangu. Mimi kichwa kinaniuma."

Foleni nzima ingecheka, na yeye angecheka, kisha angeeleza hata hivyo. Na alieleza vizuri! Sitaki mtu aseme alikuwa mpuuzi. Maneno yalimtoka yamenyooka, na sauti alikuwa nayo. Tulimpenda. Watu wasio na haraka walimwachia mwenzao nafasi ili wao wabaki kusikiliza.

Zahanati yenyewe ilikuwa jengo refu la vyumba sita, kuta za kijani hadi kiunoni na nyeupe juu, na benchi mbili za mbao koridoni zilizong'arishwa na makalio yetu. Dirisha la kwanza lilikuwa la kadi, la pili la dawa, la tatu halikuwahi kufunguliwa na hakuna aliyejua ni la nini. Dawa za maji zilikuja kwenye madumu, naye alizimimina kwenye vichupa vya kahawia, vyote sare, akabandika karatasi yenye mwandiko wake. Mwandiko ulikuwa mzuri mno. Ila aliandika kitaalamu, kwa vifupisho, kama alivyofundishwa chuoni, na sisi tuliusifu bila kuuelewa.

Binti yangu wa mwisho alikuwa na miaka minne. Tulimwita Kasuku, kwa sababu kila alichosikia alikirudia. Ukimnong'oneza mwenzako jambo jikoni, yeye alilitangaza uani. Mwaka huo masikio yake yote mawili yakaanza kutoa usaha, na kichwani katikati ya nywele akatokwa na vidonda. Nikampeleka. Mganga mkuu akamtazama, akaandika dawa mbili: matone ya masikio, na maji ya kuoshea vidonda vya kichwa.

Foleni ilikuwa ndefu asubuhi hiyo. Mtoto nimemweka kiunoni, na nyuma yangu amesimama jirani yangu Mama Cherehani, fundi nguo anayeishi upande wa pili wa ukuta wetu. Yeye aliishia darasa la nne, mimi nilimaliza la saba, na sikumwacha asahau hilo hata wiki moja.

Kamusi akachukua vile vichupa viwili, kimoja mkono wa kulia, kimoja wa kushoto, akaanza. Siku hiyo ilikuwa zamu ya usemi wa wazi. Ndiyo, mnisikie vizuri: siku hiyo alikuwa anatufundisha kusema kwa uwazi. Akasema watu wa kale waliona kwamba mzigo wa kueleweka anaubeba msemaji, si msikilizaji. Akasema mengine, matamu, na alipofika mahali pazuri alikuwa anapunga mikono na vichupa vimo ndani yake, vinapishana hewani. Katikati ya hayo akasema, "Hii ya kuoshea vidonda, hii matone matatu kila sikio, asubuhi na jioni." Mtu mmoja nyuma akatia neno, watu wakacheka, naye akamjibu, wakacheka tena. Vichupa akaviweka mbele yangu.

"Umeelewa, dada?"

Nikaitikia kwa kichwa. "Nimeelewa."

Sikuwa nimeelewa. Dawa za nini nilijua. Nisichojua ni ipi ni ipi. Ningeuliza swali moja tu. Lakini Mama Cherehani alikuwa anapumulia shingoni mwangu, na mimi ndiye mwenye darasa la saba. Hilo sikumwambia mtu kwa miaka thelathini na mitano.

Nyumbani nikavinusa. Kimoja kilikuwa na harufu kali ya kuchoma pua, kingine hakikuwa na harufu. Nikajiambia, sikio ndilo linalonuka, basi dawa kali ni yake. Siku tatu nilimtia ile dawa sikio la kushoto, maana ndilo lililokuwa baya zaidi. Alilia, nikambana magotini. La kulia nililitia mara moja tu, jioni ya siku ya tatu, na hapo alipiga kelele hadi nikamwachia. Asubuhi ya nne aliamka anayumba, anashika ukuta. Nikamwita kutoka upande wa kushoto. Nikamwita tena. Nikachukua mfuniko wa sufuria nikaugonga na mwiko karibu na shavu lake, na yeye aliendelea kutazama miguu yake.

Nilipofika dirishani sikupanga foleni, na hakuna aliyenigombeza. Nikaweka kichupa mbele yake.

"Hii umeitia wapi?" akauliza.

"Sikioni."

Mkono wake ukabaki juu ya kichupa. Akafunga dirisha saa za kazi, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, akatoka kwa mlango wa pembeni, akamchukua mtoto mikononi mwangu, akaenda naye mwenyewe kwa mganga mkuu, anakimbia na lile koti lake lililonyooshwa.

Hospitali kubwa tulikopelekwa walituambia ukweli wote siku hiyo hiyo. Sikio la kushoto limekwisha. La kulia limebaki nusu.

Sasa ikawa ni nani alaumiwe. Mganga mkuu alimpenda kijana wake, na kijana alikuwa ameshapata nafasi ya kwenda chuo cha juu. Barua imekuja, alikuwa aondoke baada ya miezi miwili. Kwa hiyo ripoti ikaandikwa kwamba mama wa mtoto hakufuata maelekezo. Mama Cherehani akaitwa kutoa ushahidi, akasema alichokiona: "Nilikuwa nyuma yake. Aliulizwa kama ameelewa, akasema ameelewa." Hakusema uongo.

Nyumbani mama mkwe hakunisubiri nivue viatu. "Darasa la saba lote hilo," akasema, "chupa mbili zimekushinda?" Mume wangu akatoka nje, na hilo liliniuma zaidi. Kwenye bomba la maji wanawake walikuwa wananyamaza nikifika. Mama aliyemziba mtoto masikio, ndivyo nilivyokuwa.

Ripoti ilikuwa inangoja sahihi ya mtoa dawa tu. Kamusi hakutia sahihi. Aliomba karatasi, akaandika yake. Niliisoma baadaye, ilibandikwa ukutani mwa chumba cha dawa kwa miaka mingi, na aliyeibandika ni yeye. Ilikuwa na mistari mitano, kutoka kwa mtu aliyekuwa hawezi kukupa vidonge viwili chini ya robo saa:

"Nilitoa chupa mbili zinazofanana. Nilisema mambo mengi. Lililokuwa muhimu nililisema mara moja, katikati ya mengine. Sikuhakikisha kama mama amelipata. Kosa ni langu."

Jumapili mchana akaja nyumbani kwetu. Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele kwenye ungo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, mtoto amelala begani.

"Ehe," mama mkwe akasema bila kuinua uso, "umekuja kutusomea kitabu?"

"Hapana, mama. Kitabu nimekiacha nyumbani."

"Basi sema."

"Mkweo hakukosea. Nimekosea mimi."

Ungo ukatulia. Mama mkwe alikuwa na ulimi mkali lakini hakuwa na dhuluma. Akamtazama kijana kutoka viatuni hadi kichwani.

"Hebu rudia," akasema. "Kuna wengine hawajasikia."

Upande wa pili wa ukuta cherehani ilikuwa imenyamaza tangu mgeni alipoingia. Kamusi akageuka, akauelekea ukuta, akarudia kwa sauti ya kufika kwenye bomba la maji: "Mama wa mtoto hakukosea! Nimekosea mimi, mtoa dawa!" Sauti ilimkatika kwenye neno la mwisho. Cherehani haikuanza tena kwa muda mrefu.

Ningeweza kutoka nyuma ya pazia. Ningeweza kusema, "Na mimi pia." Sikutoka. Heshima yangu ilikuwa imerudishwa, nami nikaivaa upesi kama mtu aliyekutwa hana nguo.

Nafasi ya chuo akapewa mwingine. Yeye akaondolewa dirishani mwaka mzima, akawekwa chumba cha nyuma kuosha vichupa. Tulimwona tukipita, mikono imo kwenye sinki hadi viwiko, koti halina pasi tena. Wengine walimtania, "Kamusi, leo ukurasa wa ngapi?" Aliwajibu kwa adabu, akaendelea kuosha.

Aliporudi dirishani alirudi na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kibunda cha uzi mwekundu, aliouomba kwa Mama Cherehani. Kila chupa isiyofaa kunywewa wala kutiwa sikioni au jichoni aliifunga uzi shingoni, mafundo matatu, hata gizani kidole kiuhisi. Karatasi za chupa akaanza kuziandika kwa lugha yetu na kwa herufi kubwa. Cha pili kilikuwa yale maneno.

"Rudia nikusikie."

"Nirudie nini?"

"Nilichokwambia. Kwa maneno yako, si yangu."

"Baba, hii ni dawa au mtihani?"

"Mtihani. Ukifeli unakaa benchi, nikuelezee tena."

Jamani, watu walinung'unika! Foleni ilifika barabarani. Walimwita mkaidi, walimshtaki kwa mganga mkuu mara mbili. Dereva mmoja wa lori, pande la mtu, alirudia kila kitu neno kwa neno kama alivyoambiwa, akanyoosha mkono achukue dawa. Akanyimwa.

"Hayo ni maneno yangu, nayajua. Nataka yako."

Dereva akakuna kidevu. "Haya. Yenye uzi mwekundu napaka mguuni. Siinywi, hata mke wangu akiniudhi vipi."

"Umefaulu. Nenda salama."

Hapo ndipo jina la Kamusi likafa, likazaliwa Rudia Nikusikie. Mwanzoni lilikuwa la kejeli. Baada ya miaka michache watoto wake waliulizwa shuleni baba yao ni nani, wakalitaja hilo kwa fahari.

Kile kitabu hakukitupa. Alikisoma nyumbani kila siku, ila dirishani hakikuonekana tena. Niliwahi kumuuliza kama anakumbuka bado ile sehemu ya ulimi. Akasema, "Naikumbuka. Sasa nasoma polepole, dada. Nikifika penye jambo la kufanya nafunga kitabu, nalifanya kwanza." Sikumsikia akieleza zaidi ya hapo.

Na kila Jumamosi, miaka tisa, alikuja kumfundisha Kasuku kusoma. Alikaa upande wake wa kulia, uso kwa uso ili aione midomo, akasema sentensi moja, akangoja. Hakuwahi kupaza sauti. Sisi nyumbani tulikuwa tunapiga kelele tukidhani ndiyo kumsaidia. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba mtoto hataki kelele, anataka tusimame mahali anapotuona na tumalize neno kabla ya kuanza jingine. Mama mkwe, na ulimi wake ule, alijifunza akiwa na miaka sabini. Leo Kasuku ana miaka thelathini na tisa, anachora ramani za mabomba katika ofisi ya maji, na ukitaka kumdanganya inakubidi umtazame usoni, kwa hiyo wengi hawathubutu.

Rudia Nikusikie amestaafu miaka mitatu sasa. Nafasi yake alipewa binti mmoja, mwenye bidii, mwenye heshima. Uzi mwekundu anaufunga. Kurudia ndiko kulikokufa. Hakuna aliyetoa amri. Foleni ilinung'unika, binti akaona haya, akaanza kuuliza "Mmeelewa?" na watu wakaanza kuitikia "Ndiyo, ndiyo," wanaondoka.

Mwezi uliopita mzee alinitumia ujumbe kwamba ananihitaji. Nikamkuta chumbani, kitanda karibu na dirisha, mito mitatu mgongoni kwa sababu ya kifua, kitabu kimezungushiwa karatasi ya kaki. Amekonda, lakini mashati yake yamerudi kupigwa pasi.

"Nasikia hawarudii tena," akasema.

"Hawarudii."

"Na mtoto wa nani atafuata?"

Nilitazama mikono yangu. Nikaona nimefika umri ambao kesho si ahadi, na mtu huyu ameubeba mzigo wote tangu alipousemea ukutani, na mimi niliyekuwa nyuma ya pazia bado nipo nyuma ya pazia lile lile. Basi nikasema.

"Kaka, siku ile sikuwa nimeelewa. Nilijua sijaelewa. Niliona aibu kuuliza, nikakwambia nimeelewa."

"Najua, dada."

"Unajua?"

"Nilikuona. Kichwa kiliitikia, macho yakabaki kwenye chupa, mara hii, mara hii. Niliona." Akapumzika avute pumzi. "Nikaendelea, kwa sababu watu walikuwa wanacheka vizuri."

Nje mtu alikuwa anafagia.

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Nikwambie ili iwe nini? Mzigo wangu ulinitosha. Lakini huo wako, kama umeutoa leo, usiuache humu chumbani. Una kazi." Akajiinua kidogo kwenye mito. "Yule binti hana kosa. Akiwalazimisha watamchukia, na hana ubishi wangu. Safari hii inatakiwa itoke upande wa foleni. Wewe unameza dawa za presha, sivyo?"

"Mbili. Nyeupe na ya njano."

"Ya njano ni ya nini?"

Miaka miwili naimeza, na kila mwezi naitikia kwa kichwa.

"Sijui," nikasema.

"Basi hutasema uongo. Alhamisi nenda, upange foleni, ukae mbele ambapo wanakuona. Akikuuliza kama umeelewa, sema kwa sauti kwamba hujaelewa."

"Mimi? Mbele ya akina Mama Cherehani?"

"Yeye hasa awepo."

"Watanicheka, kaka. Mwanamke mzima, na makelele yangu yote ya darasa la saba."

"Watacheka. Halafu mmoja nyuma yako atauliza la kwake. Ukitoka Alhamisi hiyo, nenda na inayofuata. Na ukichoka, mtafute mwingine mwenye maringo kama yako, umpe kazi hii." Akanyoosha kidole, kile kile alichokuwa akigongea dirisha. "Rudia nikusikie."

"Alhamisi niende..."

"Hayo ni maneno yangu."

Nikaketi wima kama mbele ya mwalimu.

"Nitasimama mbele ya watu wote," nikasema, "nimwambie yule mtoto wa dirishani kwamba mimi na usomi wangu sijui ninachokimeza. Anieleze mpaka nijue. Na nisiondoke dirishani kabla sijajua."